Kwa nini mtu anayekuelekeza kwa simu husahau kwamba huoni anachokiona yeye?

#1 Mzigo_Unafika
Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni kupeleka mizigo kwa pikipiki hapa Dar, zaidi Tabata, Segerea hadi Kinyerezi. Kuna jambo limenisumbua muda mrefu, naomba tulijadili.

Mteja anapiga: "Uko wapi?" Namwambia niko kituoni, nimeegesha mbele ya fremu za simu. "Basi njoo na hiyo njia, ukifika kwa Mangi kata kushoto, utaona geti jeusi." Namuuliza njia ipi, maana kituoni hapo zinaanzia tatu. "Hiyo hiyo, inayonyooka." Na kushoto anakokusema ni kushoto kwake yeye akiwa amesimama getini anatazama barabarani. Mimi naingia kwa kutokea upande wa pili, kwangu ni kulia. Wakati huo huo nasikia mtoto analia, na mteja anamjibu mtu wa ndani kuhusu mboga iliyoko jikoni.

Wenzangu kijiweni wanasema ni dharau, mtu hamjali dereva. Mimi siamini hivyo. Mteja huyo huyo nikimpigia jioni ametulia ananielekeza vizuri kabisa: "ukitokea kituoni itakuwa mkono wako wa kulia." Kwa hiyo uwezo wa kujiweka mahali pangu anao. Dai langu ni kwamba kujiweka mahali pa mwenzako kunahitaji nafasi kichwani, na nafasi ikijaa mtu anarudi kwenye kile anachokiona yeye. Nimesikia wanasaikolojia wanaiita kumbukumbu ya kazi. Wenye elimu hiyo waje, na wenye hoja tofauti nao waje.

#2 Kipepeo_Mweusi
Dharau tu mkuu. Tusiwatafutie watu visingizio vya kitaalamu.

#3 Mlimani_Saikolojia
Mleta uzi, dai lako limefanyiwa utafiti, tena wa miaka mingi.

Kumbukumbu ya kazi ni yale mambo unayoyashikilia kichwani huku ukiyafanyia kazi. Umetajiwa bei tatu sokoni, unazijumlisha, unatoa kwenye noti ya elfu kumi, na bado hujasahau kwamba ulitaka na vitunguu. Alan Baddeley na Graham Hitch wa Uingereza waliieleza mwaka 1974 kuwa ni mfumo wenye sehemu: moja inashika maneno na sauti, nyingine inashika picha na mahali vitu vilipo, juu yake kuna msimamizi anayeamua kipi kishughulikiwe kwanza.

Sasa jaribio lenyewe. Boaz Keysar na wenzake wa University of Chicago walilichapisha mwaka 2000. Kuna rafu yenye vyumba vidogo vidogo, imewekwa kati ya watu wawili waliokaa wakitazamana. Vyumba vingi viko wazi pande zote mbili, vichache vimezibwa kwa nyuma. Wewe unaona kila kitu. Anayekuelekeza, aliyeko upande wa pili, haoni vilivyomo kwenye vyumba vilivyozibwa, na wewe unalijua hilo kwa sababu ulionyeshwa tangu mwanzo. Kuna mishumaa mitatu: mkubwa, wa kati na mdogo. Ule mdogo uko kwenye chumba kilichozibwa. Anakwambia, "Sogeza mshumaa mdogo." Yeye anaona miwili tu, kwa hiyo mdogo wake ni wako wa kati. Kifaa cha kufuatilia macho kilionyesha kwamba watu wazima, akili timamu, macho yao yalikimbilia kwanza ule uliofichwa. Wengine waliunyooshea mkono kabisa.

Mwaka 2003 wakaja na jingine kali zaidi. Unaficha wewe mwenyewe tepu ya kugandishia ndani ya mfuko wa karatasi, mwenzako hajaiona. Kisha anaomba umsogezee "tepu" akimaanisha kanda ya kaseti iliyoko mbele yenu wote wawili. Watu wengi walijaribu kusogeza mfuko angalau mara moja. Kitu walichokificha kwa mikono yao!

Na linalokuhusu hasa ni la mwaka 2010, la Shuhong Lin, Keysar na Nicholas Epley. Walipima kumbukumbu ya kazi ya kila mshiriki, wakaona wenye nafasi ndogo wanavutwa zaidi na kitu ambacho mwelekezaji hakioni. Kisha wakawabebesha watu kazi nyingine ya kichwani huku wakielekezwa. Waliobebeshwa zaidi wakashindwa zaidi kumfuata mwenzao. Mtoto analia, mboga inaungua: hali ni ile ile.

#4 Kipepeo_Mweusi
#3 umeeleza vizuri, ahsante. Lakini hao walikuwa wanapokea maelekezo, na mteja wa jamaa anatoa. Anayetoa ndiye mwenye wajibu. Ukimpigia bosi wake wakati mboga inaungua, utaona atakavyomweleza kila kona.

#5 Fundi_Hesabu
Nilisoma kwamba kichwa cha mtu kinashika mambo saba kwa wakati mmoja. Mteja ana mtoto, mboga, simu, kona, geti. Ni matano. Bado ana nafasi.

#6 Mlimani_Saikolojia
#5 hiyo saba ni ya George Miller, 1956, naye alisema saba, zidisha au punguza mbili. Mwaka 2001 Nelson Cowan alipitia tafiti nyingi akaonyesha kwamba ukimzuia mtu asirudierudie maneno kimoyomoyo na asiyafunge mambo katika mafungu, zinabaki kama nne tu. Na kila moja katika orodha yako haikai peke yake. "Kona" ni picha nzima ya mtaa, na ili akuelekeze vizuri inabidi aigeuze ile picha aitazame kutokea kituoni huku ile ya kwake ya getini bado iko mbele ya macho yake. Kugeuza huko ndiko kunakokula nafasi.

#4 hoja yako naichukua, nitairudia.

#7 Mama_Wawili
Nimeusoma uzi huu jana usiku, leo asubuhi nikamjaribu mdogo wangu wa mwisho, ana miaka mitatu na miezi. Nilichukua boksi la majani ya chai, nikatoa majani nikaweka vifungo vya shati. Nikamuuliza, "Humu kuna nini?" Akasema chai. Nikamfungulia, akaviona vifungo, nikafunga. Nikamwambia, "Dada yuko nje, hajaona. Akija nikimuuliza humu kuna nini, atasema nini?" Bila kusita: "Vifungo." Nikamuuliza, "Na wewe kabla sijafungua ulisema kuna nini?" "Vifungo." Amekaza uso kabisa. Dada yake wa miaka sita alicheka mpaka akakaa chini, maana yeye alisema chai na akajua kwa nini mdogo wake amekosea.

Sasa mniambie, huyu mdogo naye kichwa kimejaa? Alikuwa hana shughuli yoyote.

#8 Kwa_Mkapa_Jukwaani
Hahaha mama, huyo mtoto atakuwa wakili.

#9 Mlimani_Saikolojia
#7 umefanya jaribio la Josef Perner na wenzake la 1987, wao walitumia boksi la pipi lenye penseli ndani. Lile swali la pili, la "wewe mwenyewe ulidhani nini", liliongezwa na Alison Gopnik na Janet Astington mwaka 1988, na watoto wa miaka mitatu wengi hujibu kama wako.

Kabla yake Heinz Wimmer na Perner, 1983, walikuwa na hadithi ya Maxi. Maxi anaweka chokoleti kwenye kabati moja, anatoka kwenda kucheza, mama anaihamishia kabati jingine. Maxi akirudi ataitafuta wapi? Hesabu mtoto anashikilia nini hapo: ilikuwa wapi, iko wapi sasa, nani ameona, nani hakuona, na swali lenyewe linauliza nini. Ukubwa wa nafasi unaingia hapo. Davis na Pratt, 1995, waliona kwamba watoto wanaoweza kurudia tarakimu kinyumenyume, kile kipimo cha kawaida cha kumbukumbu ya kazi, ndio waliofanya vizuri zaidi maswali ya aina hii. Kwa hiyo mdogo wako hana shughuli, ila chombo chenyewe bado ni kidogo.

#10 Mwl_Awali
Nafundisha darasa la awali, nikubaliane kwa sehemu. Kila mwalimu wa wadogo ameona mtoto akizungumza na bibi yake kwa simu. Bibi anauliza, "Umekula?" Mtoto anatikisa kichwa kuitikia. Bibi anauliza tena, mtoto anatikisa kwa nguvu zaidi. Swali ni fupi, hakuna cha kukumbuka hapo. Mtoto hajajua bado kwamba kuonekana na kusikika ni vitu viwili kwa mtu aliye mbali. Hilo ni jambo la kujua, na ukubwa wa nafasi hauongezi ujuzi ambao haupo.

Kuhusu watoto wenye usonji, nasikia watu wanasema hawawezi kabisa kujua mwenzao anadhani nini. Wataalamu mnasemaje?

#11 Daktari_wa_Watoto_Wetu
#10 "kabisa" uiondoe mwalimu. Utafiti unaotajwa sana ni wa Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith, 1985, wenye wanasesere Sally na Anne. Sally anaweka gololi kwenye kikapu, anatoka, Anne anaihamishia kwenye boksi. Watoto 20 wenye usonji walijaribiwa, 16 wakajibu kwamba Sally ataitafuta pale ilipo sasa. Wanne walijibu sawasawa. Na watoto wenye Down syndrome (hali ya kuzaliwa nayo inayochelewesha ukuaji wa akili) walijibu vizuri kama wale wa kawaida, jambo linalotuonyesha kwamba kiwango cha akili kwa jumla pekee hakielezi. Wazazi wakisikia "hawawezi kabisa" wanakata tamaa na kumwacha mtoto pembeni, kwa hiyo tuwe waangalifu sana na neno hilo.

#12 Mswahili_Halisi
Chicago, Austria, London. Watoto wetu je? Mtoto wa huku ana shangazi, binamu na majirani nyumba nzima, anajifunza kusoma watu tangu anatambaa.

#13 Mlimani_Saikolojia
#12 mwaka 1991 Jeremy Avis na Paul Harris walichapisha jaribio walilolifanya kwa watu wa jamii ya Baka, wawindaji wa misitu ya kusini mashariki mwa Kameruni. Hakukuwa na rafu wala wanasesere. Mtu mzima anapika mbegu za embe mwitu mbele ya mtoto, anaondoka kidogo kwenda kukaa na wanaume wenzake. Mtu mzima mwingine anamwambia mtoto: tuzitoe kwenye bakuli, tuzifiche. Kisha wanamuuliza mtoto: akirudi atatafuta wapi? Wengi wa watoto wakubwa kidogo, wenye miaka kama mitano, walijibu kwamba atatafuta kwenye bakuli. Umri ni ule ule wa Ulaya.

#14 Nesi_wa_Zamu
Niingie na langu, kwa sababu linanigusa kazini.

Ninatoa dawa dirishani. Kwenye bahasha tunaandika 1x3. Kwangu mimi hiyo ni sentensi nzima: kidonge kimoja, mara tatu kwa siku, kila baada ya saa nane. Asubuhi foleni ikiwa fupi namuuliza mgonjwa, "Ukifika nyumbani utakunywaje?" Akinijibu naona pale pale alivyoelewa. Kuna mama aliniambia atakunywa vitatu jioni akitoka shambani, kwa sababu kidonge kinamlegeza. Kwa macho yake 1x3 inaruhusu hivyo, na ukimsikiliza ana mantiki.

Saa sita mchana foleni imefika mlangoni, simu inaita, mwenzangu anauliza stoo kuna nini. Hapo bahasha zinatoka dirishani na "haya mama, moja mara tatu, ugua pole", na wala hainijii kwamba anayeipokea haoni ninachokiona. Uadilifu wangu wa asubuhi na wa mchana ni ule ule. Mioyo yetu manesi inasemwa sana, lakini nani ametuhesabia ni mambo mangapi tunayashika kwa wakati mmoja? Ndiyo maana nasimama na mleta uzi.

#15 Kipepeo_Mweusi
#14 dada, pole na kazi, na nakuheshimu. Lakini hapo hapo umesema unajua kuuliza. Ukijua kwamba mchana unasahau, ukaweka utaratibu wa kuuliza kila mtu, hutahitaji nafasi kichwani. Kwa hiyo mwisho wa yote ni kujali.

#16 Nesi_wa_Zamu
Utaratibu tuwekewe, nitashukuru sana. Ila tuwekewe na mtu wa pili dirishani.

#17 Mzee_wa_Kete
Vijana, shikamooni mnaostahili, na wengine marahaba.

Mimi ni mtu wa bao, niko Unguja. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Mchezaji hodari, kabla hajagusa kete, ameshazipanda kichwani: mtaji huu, yaani mzunguko huu wa kula na kupanda, utaishia wapi, mwenzangu atakula wapi, akila nyumba yake itabaki na ngapi, nami nitamrudia kwa kichwa kipi. Anaucheza mchezo wa mwenzake ndani ya kichwa chake mwenyewe. Haruhusiwi kugusa na kuhesabu ovyo, yote ni ya kushika akilini. Nimekaa na mafundi ambao mnaweza kusema nafasi yao ya kichwa haina mpaka.

Na baadhi yao, nasema kwa mapenzi, hawajui mke amenuna kwa nini. Wiki nzima. Sasa hiyo nafasi yote ya kichwani imekwenda wapi?

#18 Mama_Wawili
#17 marahaba mzee wangu, umenena kwa niaba ya wanawake wa pwani yote 😂

#19 Bin_Ngome_Mombasa
Mzee wa kete huyo fundi anajua mke amenuna kwa nini, hataki tu kuacha bao aende nyumbani. Huku Mombasa tunao hao hao.

#20 Mlimani_Saikolojia
#17 mzee, shikamoo. Umetoa hoja inayowasumbua wataalamu hasa: fundi wa jambo lake hulifunga katika mafungu makubwa, akashika mengi ya aina ile. Nafasi hiyo haihamii kwenye mambo ya nyumbani.

Lakini kuna hoja ya pili, na hii inapingana na niliyoyasema mwanzo. Wapo wanaosema tatizo kubwa ni kuzuia cha kwako, na kushika mengi ni jambo dogo pembeni. Mwaka 2005 Dana Samson, Ian Apperly na wenzao walieleza mgonjwa mmoja aliyepata kiharusi kilichoharibu sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kulia. Wakimuuliza mtu fulani anadhani kitu kiko wapi, na yeye mwenyewe hajui kilipo, anajibu vizuri kabisa. Lakini akishajua kitu kiko wapi, anashindwa: anajibu kwa anachokijua yeye. Yaani kumfikiria mwingine anaweza, kujinyamazisha mwenyewe hawezi. Mwangalie mtoto wa #7 kwa jicho hilo. Vifungo vimempigia kelele kichwani, chai haikusikika.

#21 Mzigo_Unafika
#20 hapo umenifungua macho. Kwa hiyo geti jeusi liko mbele ya macho ya mteja, ndilo linalopiga kelele. Na wateja wanaonielekeza wakiwa kazini, hawako nyumbani, mara nyingi huelekeza vizuri zaidi! Nilidhani ni kwa sababu ofisini kuna utulivu. Kumbe labda ni kwa sababu geti hawalioni.

#22 Fundi_Hesabu
Au kwa sababu wao wenyewe kila siku wanatoka kituoni kwenda nyumbani, na ofisini wanaikumbuka njia kwa mwelekeo huo. Wakiwa getini wanaikumbuka ya kutoka.

#23 Mzigo_Unafika
Hiyo nayo inawezekana kabisa.

#24 Kaka_Muscat
Nasoma kutoka Muscat. Hapa dukani kwa siku moja nasikia Kiarabu, Kiswahili, Kiingereza, Kihindi na Kibalushi. Naamini mtu aliyekulia kwenye lugha nyingi anajua mapema kwamba mwenzake anaweza asielewe, kwa hiyo huwa anamchungulia kwanza: huyu anajua nini, hajui nini. Watoto wangu wanabadilisha lugha kabla mgeni hajamaliza salamu. Kuna utafiti wa hili?

#25 Mlimani_Saikolojia
#24 upo, na ni mzuri. Samantha Fan, Zoe Liberman, Keysar na Katherine Kinzler, 2015. Walitumia rafu ile ile kwa watoto wa miaka minne hadi sita nchini Marekani, makundi matatu: wanaojua lugha moja tu, wanaojua mbili, na wale ambao wanazungumza moja lakini wanaisikia nyingine karibu nao, labda kwa bibi. Watoto wa lugha moja walikosea zaidi sana. Wale wanaosikia tu walifanya vizuri sawa na wanaojua lugha mbili.

Hapa ndipo dai la mleta uzi linapopata mkwaruzo. Hao wanaosikia tu walikuwa na alama za chini kuliko wa lugha mbili kwenye vipimo vya usimamizi wa akili (kujizuia na kuamua kipi kwanza), ambao ni familia moja na kumbukumbu ya kazi. Nafasi walikuwa nayo pungufu, mwenzao walimwona sawa. Mazoea ya kuishi na watu wanaosikia vitu tofauti yaliwatosha.

#26 Mswahili_Halisi
Nilisema. Malezi.

#27 Bin_Ngome_Mombasa
#26 ulisema shangazi na binamu, hukusema lugha 😄

#28 Mswahili_Halisi
Shangazi zangu wana lugha zao tatu, hesabu vizuri.

#29 Dada_Sociology
Kuhusu malezi, Shali Wu na Keysar mwaka 2007 walilinganisha wanafunzi wa Kichina na wa Kimarekani kwa mchezo wa namna hiyo hiyo. Wachina karibu hawakuvutwa kabisa na kitu kilichofichwa, Wamarekani wengi walivutwa. Maelezo yao yalikuwa kwamba mtu aliyelelewa kujiona sehemu ya wenzake huwa anamwangalia mwenzake kwanza. Kwetu mtoto anajifunza kabla ya shule nani anasalimiwa vipi na nani anapishwa kiti. Tusidharau hilo.

#30 Mlimani_Saikolojia
#29 kweli, ila mwaka 2013 Wu na wenzake walirudi kupima macho kwa dakika na nukta. Mwanzoni kabisa makundi yote mawili yalivutwa sawa na kitu kilichofichwa. Tofauti ilikuwa kwenye kujirekebisha: Wachina walirudi haraka zaidi. Kwa hiyo malezi huenda hayabadilishi mvuto wa kwanza, yanabadilisha unachofanya baada yake. Na kufanya hivyo kunahitaji kichwa chenye nafasi. Tumerudi kwa mleta uzi kwa mlango wa nyuma.

#31 Kipepeo_Mweusi
Ulisema #6 utarudi kwenye hoja yangu ya bosi.

#32 Dada_Sociology
Nikujibu mimi. Adam Galinsky na wenzake, 2006, waliwaomba watu waandike herufi E kwenye paji la uso wao wenyewe. Kabla ya hapo wengine walikumbushwa wakati walipokuwa na mamlaka juu ya mtu, wengine wakati walipokuwa chini ya mamlaka ya mtu. Wale wa kwanza waliandika zaidi E inayosomeka kutoka kwao wenyewe, kwa hiyo aliye mbele yao anaiona imegeuka. Tafsiri yao ni kwamba mwenye mamlaka hana haja kubwa ya kujua mwingine anaona nini, maana maisha yake hayategemei hilo. Mteja ana pesa, dereva anaihitaji. Kipepeo hajakosea kabisa.

#33 Mwl_Awali
Vijana wa sekondari tumewasahau. Nina wa miaka kumi na mitano nyumbani, kichwa chake kinashika nyimbo nzima nzima, ila kuosha sufuria ili anayefuata aikute safi hakumjii.

#34 Daktari_wa_Watoto_Wetu
#33 Iroise Dumontheil, Apperly na Sarah-Jayne Blakemore walichapisha utafiti mwaka 2010 kwa wasichana na wanawake wa miaka 7 hadi 27. Rafu ile ile, lakini waliweka pia mchezo wa pili ambao hauna mwelekezaji, una kanuni tu: usiguse vilivyo kwenye vyumba vyenye mgongo wa kijivu. Kumbukumbu inayohitajika inafanana. Wa miaka 14 hadi 17 walikuwa sawa na watu wazima kwenye kanuni, lakini walikosea zaidi pale penye mtu wa kumfikiria. Kwa hiyo umri ule nafasi imeshakomaa kwa kanuni, na kumzingatia mwenzako kichwani bado kunaendelea kukua. Mvumilie mwalimu.

#35 Mwl_Awali
Nitamvumilia, sufuria ataziosha.

#36 Mpekuzi_wa_Tafiti
Nimefuatilia kimya tangu #3, sasa niseme. Ile rafu inapima kweli kumwona mwenzako? Paula Rubio-Fernández mwaka 2017 alihoji hilo hilo. Mtu anaweza kushinda mchezo kwa kupuuza vyumba vyote vilivyozibwa, bila kufikiria kabisa mwelekezaji anajua nini. Hiyo ni kuchagua pa kuangalia tu. Ikiwa ndivyo, basi kusema "kumbukumbu ya kazi inasaidia kumwona mwenzako" ni kuruka hatua. Inawezekana inasaidia kuangalia unapotakiwa kuangalia.

Halafu kuna jambo jingine. Samson na wenzake, 2010, waliwaonyesha watu chumba chenye vidoti ukutani na sanamu ya mtu katikati. Ukiulizwa wewe unaona vidoti vingapi, unachelewa kujibu kama sanamu inaona idadi tofauti na yako. Yaani mtazamo wa mwingine unaingia kichwani hata hujauita. Qureshi, Apperly na Samson wakasema mwaka huo huo kwamba kinachohitaji nguvu ni kuchagua kati ya mitazamo miwili, kuupata wa mwenzako ni bure. Lakini Santiesteban, Catmur na Heyes, 2014, wakaondoa sanamu wakaweka mshale, matokeo yakawa yale yale. Mshale hauoni kitu.

#37 Mzigo_Unafika
#36 naomba kuuliza kwa lugha ya barabarani. Ukisema kuupata mtazamo wangu ni bure na kuchagua ndiyo kazi, basi mteja ameshaniona kichwani mwake lakini akachagua lake?

#38 Mpekuzi_wa_Tafiti
Kwa mambo mepesi, kama naona au sioni, hilo linawezekana. Kwa kushoto na kulia hapana. Huko Apperly na Stephen Butterfill, 2009, wanasema kuna njia mbili: moja ya haraka inayojua tu nani ameona nini, na nyingine ya polepole inayoweza kugeuza picha nzima na kushika mtu anadhani nini. Ya pili ndiyo inayochoka na kubanwa na kelele. Wapo wasiokubaliana nao.

#39 Kwa_Mkapa_Jukwaani
Wakuu, si mtumie lokesheni tu?

#40 Mzigo_Unafika
Mkuu, lokesheni wengine wanaituma wakiwa kazini, nafika geti la ofisi mzigo ni wa nyumbani. Vibao vya anwani za makazi navyo vimewekwa, lakini muulize mtu namba ya nyumba yake atatoka nje kuitazama, kama bado ipo ukutani.

Nilichoanza kufanya ni kubadilisha swali. Badala ya "njia ipi?" nasema: "Mimi nimesimama kituoni, mgongo kwenye fremu za simu, natazama shule. Nyumba yako iko mkono wangu upi?" Wengi hunyamaza kidogo, kisha wanajibu sawasawa. Nimembebea nusu ya kazi. Ila kama #15 anavyosema, mwisho ni kujali: kwa wengine haisaidii kitu. Wanarudia "njoo tu na hiyo njia" kwa sauti kubwa zaidi.

#41 Kipepeo_Mweusi
Hao wa sauti kubwa ndio ninaowasema tangu #2.

#42 Nesi_wa_Zamu
Hao wa sauti kubwa ndio wenye mtoto anayelia.

#43 Mzee_wa_Kete
Na wazee je? Mimi mtaji wa mbali siku hizi unanikatikia katikati, zamani niliufuata mpaka mwisho. Lakini wanangu wakigombana, sasa ndiyo naona kwa haraka kila mmoja amesimama wapi, ujanani sikuona kitu. Nafasi imepungua, na hilo limeongezeka. Mlimani, lieleze hili kabla hatujafunga uzi.

#44 Mlimani_Saikolojia
Mzee, uzi haufungwi. Nipe mpaka Jumamosi nikusanye ya wazee, maana walioitumia rafu kwa watu wa umri mkubwa na wanaozungumzia busara ya kuamua ugomvi hawapimi kitu kimoja. Mpekuzi naye alete ya kwake.

#45 Mpekuzi_wa_Tafiti
Nitaleta. Na nitampinga.